Amu nyekundu zilitaka kunitoa roho!

JUMAMOSI moja ya Aprili 2023, masika yamekolea, nilikuwa natoka Bagamoyo kwenye harusi ya binti wa shangazi. Mimi kwenye usukani, mdogo wangu wa kiume pembeni, ameshavua koti na viatu, anakula keki ya harusi aliyoifunga kwenye tishu. Gari ni Impreza WRX, ile ya umbo la GDA, turbo, rangi ya bluu, gari ambalo nimelisotea miaka minne na ambalo mama yangu hulitaja akisema "lile dubwana lako". Kasi yenyewe haikuwa ya kutisha. Themanini hivi.

Kabla ya kufika Mapinga, kwenye kona moja iliyojaa maji, taa zangu zikapiga mgongo wa lori. Limeegeshwa nusu barabarani, halina taa, halina hata lile tawi la mti ambalo madereva wetu huliweka kama msamaha. Nikagusa breki. Msomaji wangu, nasema nikagusa, sikukanyaga. Mkia wa gari ukaamua kuwa umechoka kukaa nyuma, nao unataka kutangulia.

Mama yangu! Subaru lilizunguka kama pia. Niliona lori, nikaona giza, nikaona minazi, nikaona tena lori. Lilipokuja kusimama tulikuwa kwenye majani, taa zinatazama tulikotoka, na ubavu wa lori uko hatua kama kumi tu kutoka mlango wa mdogo wangu. Keki ilikuwa kwenye kioo. Yeye hakusema neno. Hakusema Bunju, hakusema Tegeta, hakusema Mwenge. Tumefika nyumbani Sinza, nimezima injini, ndipo akafungua mdomo: "Dada, Jumatatu mimi napanda daladala."

Kilichoniuma zaidi ya yote, wiki tatu tu kabla ya usiku ule nilikuwa nimemwaga laki sita na nusu kwenye hiyo hiyo nyuma ya gari. Fedha za mchezo tuliokuwa tukicheza ofisini, zamu yangu ilipofika. Badala ya friji nikanunua amu.

Tuelewane kwanza. Gari nilikuwa nimelishusha. Nililiwekea springi fupi, likakaa chini, likapendeza, kijiweni washikaji wakawa wanaliinamia kulichungulia. Baada ya miezi kadhaa matairi ya nyuma yakaanza kulika upande wa ndani hadi waya zikatokeza, huku nje yana kashata nzima kama mapya. Nikaulizia. Kijana mmoja muuza spea, simtaji jina wala mtaa, akanitolea amu nne zimepakwa rangi nyekundu inayong'aa, za kurefusha na kufupisha, akazigonganisha zikalia kama kengele. "Sista, hii ndiyo dawa yenyewe. Ukifunga hizi gari inakamata lami kama kupe." Jina la kampuni hazikuwa nalo, boksi hazikuwa nalo. Zilikuwa na rangi. Nakiri mbele yenu, nilizipenda kwa rangi.

Fundi niliyemtumia siku ile alizifunga kwa saa mbili. Gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, yeye yuko chini anaimba Singeli na kukaza nati. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja kama mpiga manati, akasema zimenyooka. Na mimi nikaamini jicho la mtu.

JUMATATU KWENYE SHIMO

Jumatatu, mdogo wangu akiwa kwenye daladala kama alivyoahidi, nililipeleka gari taratibu kwa mzee mmoja Ilala, mtu mwenye shimo la kuangalizia magari na ambaye hafanyi kazi na redio. Akashuka na tochi pamoja na mtaimbo. Akakaa kimya kule chini muda mrefu, mimi nimesimama juu na sketi yangu ya ofisi kama mgonjwa anayesubiri majibu. Kisha nikasikia, "Mwanangu, nani kakuuzia haya mapambo?"

Akaniita nishuke nione mwenyewe. Nikavua viatu nikashuka. Alichonionyesha katika nusu saa ile ndicho kilichonifanya niandike makala haya, maana nimegundua kuwa wengi wetu tunaojiita watoto wa Subaru hatujawahi kuangalia chini ya gari tunalolisifia.

Nyuma ya Impreza za umbo hili, zilizotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007, kila gurudumu limeshikwa na amu tatu na shokapu. Amu mbili zimekingama, zinatoka katikati ya gari chini ya difu kwenda kwenye gurudumu, moja mbele na moja nyuma yake, zimeenda sambamba kama reli. Kazi yao ni kulizuia gurudumu lisiingie ndani wala lisitoke nje, na ndizo zinazoamua tairi litazame wapi. Ya tatu ni treling amu. Hiyo imelala kwa urefu wa gari, inatoka kwenye bodi mbele ya gurudumu na kurudi nyuma kulishika, nayo ndiyo inayobeba mvuto wote unapokanyaga mafuta na unapokanyaga breki. Juu, shokapu lenyewe ndilo linaloshika kichwa cha gurudumu. Basi, hakuna kingine. (Mwenye Impreza ya umbo lililotoka 2007 na kuendelea asome kwa kujifurahisha tu. Ile nyuma yake ilibadilishwa ikawekewa wishiboni mbili, amu za gari langu hazimfai.)

Sasa, kila ncha ya kila amu ina bushi. Amu tatu, ncha mbili mbili, magurudumu mawili: bushi 12. Mimi nilikuwa nimenunua vyuma vya katikati, nikafikiri nimenunua gari jipya.

Bushi ni kitu cha kudharaulika ukikiona mezani. Bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa la chuma, katikati kuna raba iliyoshikana na vyuma vyote viwili. Gurudumu linapopanda tuta, amu inapanda, na raba ndiyo inayojinyonga kuiruhusu ipande. Haitelezi, inajinyonga, kisha inajirudisha. Ikishachoka, inachanika. Ikishachanika, amu yako hata ingekuwa ya dhahabu inacheza ndani ya tundu, na gurudumu linajichagulia lenyewe pa kuelekea.

Mzee akapachika mtaimbo kwenye ncha ya mbele ya treling amu ya kushoto, akasukuma kidogo. Niliona mwanga. Raba ilikuwa imeachana na chuma nusu nzima, unapenyeza kucha. Hizo treling amu sikuzigusa kabisa niliponunua mapambo yangu, kwa sababu muuzaji hakuwa nazo za rangi nyekundu. Kisha akaenda kwenye amu yangu mpya ya kukingama, akashika nati ya kufungia, ile inayozuia amu isijirefushe yenyewe, akaizungusha kwa vidole viwili. Kwa vidole! Upande wa kushoto amu ya nyuma ilikuwa tayari imeshajizungusha na kuiacha mwenzake ya mbele.

Kwa hiyo, usiku ule wa Mapinga, nilipogusa breki lami ilivuta gurudumu la kushoto kwenda nyuma. Treling amu ilitakiwa kulizuia, ikashindwa maana bushi imekufa. Amu za kukingama zilitakiwa kulinyoosha, hazikulingana. Uso wa tairi ukafunguka kutazama nje ya kona. Mbele wewe unakata usukani kulia, nyuma gurudumu linakata la kwake kushoto. Gari la namna hiyo lina madereva wawili, na mmoja wao hana leseni.

RABA, PLASTIKI AU CHUMA?

Hapo ndipo kwenye ubishi wa vijiweni, na mimi nimeshasikiliza wa kutosha kunitosha hadi uzeeni. Kuna raba ya kawaida kama ilivyotoka kiwandani. Kuna raba ngumu, ambayo Subaru wenyewe kupitia STI waliitoa kwa ajili ya magari ya rali ya daraja la Group N, yaani magari ya dukani yanayoruhusiwa kubadilishwa vitu vichache tu. Kuna bushi za poliyurethani, mafundi wetu wanaziita za plastiki, ambazo kampuni kama Whiteline na SuperPro za Australia zimejipatia jina kwazo. Halafu kuna kile kirungu cha chuma kinachozunguka ndani ya chuma, bila raba yoyote, ambacho vijana wanakiita piloboli.

Mtu akikwambia moja kati ya hivi ndiyo bora kuliko nyingine zote, mwachie soda yake uondoke. Bushi huchaguliwa kwa kazi ya amu.

Tazama amu ya kukingama ncha yake ya ndani, pale inaposhikana na gari. Inafanya nini? Inapanda na kushuka, kama bawaba ya mlango. Njia moja tu. Hapo bushi ngumu inakubali, hata ya poliyurethani inakubali, maana plastiki ile inazunguka vizuri kwenye bomba lake ilimradi imepakwa grisi yake. Faida yake utaiona: tairi linakaa pale ulipoliweka, mkia wa gari unakuwa mtiifu, ukikata kona gari zima linakata pamoja badala ya mbele kuanza na nyuma kufikiria.

Lakini treling amu si bawaba. Ncha yake ya mbele imefungwa kwenye bodi, ncha ya nyuma inafuata gurudumu, na gurudumu linafuata upinde wa zile amu mbili za kukingama. Likipanda tuta halipandi wima, linapanda huku linavutwa kwa ubavu kidogo. Maana yake bushi ya treling amu inanyongwa huku, inapindwa kule, kwa wakati mmoja. Raba inaweza, ndiyo kazi iliyoumbiwa. Plastiki ngumu haiwezi, inakwama. Ikikwama, amu inageuka kuwa springi ya ziada ambayo hukuiomba, nyuma inakuwa ngumu, na presha yote inahamia kwenye mabano ya bodi. Yule kijana anayekwambia "nimefunga poli gari zima, kila mahali" anajisifia kitu ambacho angekaa kimya.

Piloboli ndiyo inayopinda kila upande bila kukwama na bila kulegea. Kwa kazi hiyo haina mpinzani. Ndiyo maana magari ya mashindano yanaitumia. Lakini haina raba ya kumeza kelele, kila kokoto la Kigamboni utalisikia kwenye meno, na vumbi na tope vikishaingia inaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi. Hapo najua kuna mtu atanitajia Safari Rally. Ni kweli, Colin McRae alishinda Safari ya Kenya mwaka 1997 na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000 na Impreza pia, barabara zenyewe ni zile za kuvunja mgongo wa ng'ombe. Ila kumbuka zama zile timu kubwa zilikuwa na helikopta juu ya gari na mafundi wanaosubiri mbele na spea mpya kibao. Wewe una fundi mmoja Ilala, naye ana wateja wengine.

Mzee alipoona nimeelewa akauliza swali moja tu: "Gari hili unaendea wapi?" Nikataka kusema mashindano. Nikasema kazini, Jumapili kanisani, na Bagamoyo kukiwa na sherehe. "Basi," akasema, "treling tuweke raba mpya. Kukingama tuweke raba ngumu. Plastiki ukitaka weka ncha za ndani peke yake, lakini uje kupaka grisi, na usije kulalamika kwamba inalia kama kitanda cha chuma."

Niliweka raba ngumu. Kuhusu grisi najijua, hata nywele zangu nasahau kuzipaka mafuta.

JE, AMU ZENYEWE?

Amu za kurefusha na kufupisha si ushetani, msinielewe vibaya. Zina kazi yake. Ukilishusha gari sana, vichwa vya magurudumu ya nyuma vinaingia ndani, ile mafundi wanaita kemba. Impreza ya umbo hili ilivyotoka kiwandani haina pa kurekebishia kemba ya nyuma. Ina pa kurekebishia tou peke yake, yaani tairi litazame ndani au nje, kwa boliti yenye duara lisilo katikati iliyopo kwenye amu ya kukingama ya nyuma. Kwa hiyo mwenye gari lililoshushwa akifupisha amu zote mbili za upande mmoja kwa kiasi kilekile, miguu ya gurudumu inaingia ndani na tairi linasimama wima zaidi. Vilevile gari lililogongwa ubavu na bodi ikapotea milimita kadhaa, amu hizi zinasaidia kusawazisha kushoto na kulia. Watengenezaji wanaoheshimika wapo, Cusco wa Japani na Whiteline niliowataja, na ukiwanunulia unapata nati zenye kushika na nyuzi zisizokula kutu mwezi wa pili. Hewa yetu ya pwani haina huruma na nyuzi tupu za chuma.

Ila mzee alinihesabia hivi. Gari lako umelishusha vidole viwili. Bushi zako zote zimekufa. Hizo bushi zilizokufa zenyewe zilikuwa zinaachia gurudumu liinamie ndani zaidi, na tou yako ilikuwa imefunguka nje, ambayo inakula tairi haraka kuliko hata kemba. Ungeanza na bushi na vipimo, ungekuta huhitaji amu hata moja. Nikamwuliza: na zile amu zangu za zamani? Bahati, sikuziuza kwa wauza chuma chakavu. Zilikuwa chini ya kitanda changu zimefungwa kwenye gazeti. Akazipiga brashi ya waya, akazilaza kwenye kioo cha meza kuona kama zimepinda. Zilikuwa zimenyooka kama mtoto wa sekondari siku ya ukaguzi.

Kazi ilichukua siku mbili, na siku ya kwanza nzima iliishia kwenye boliti mbili. Kwenye magari haya kuna boliti moja ndefu kila upande inayopita kwenye ncha za nje za amu zote mbili na kwenye kiti cha gurudumu. Ikishaota kutu humo ndani haitoki kwa maneno mazuri. Ilimwagiwa mafuta ya kulegeza, ikapigwa moto, ikapigwa nyundo, ya kulia ikatoka saa kumi jioni, ya kushoto ikakatwa. Ukienda kununua bushi, nunua na boliti hizo mbili mpya kabisa na nati zake, usingoje kuambiwa saa ya magharibi maduka yamefungwa. Bushi za zamani zilisukumwa kwa presi, na mpya zikaingizwa kwa presi. Ukimwona fundi anaingiza bushi kwa nyundo, chukua funguo zako.

Halafu likaja jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko chapa yoyote utakayonunua, na ambalo sijawahi kulisikia kijiweni. Mzee alifunga boliti zote kwa mkono tu, zikashika, akaliteremsha gari kwenye matairi yake, akaliviringisha mbele na nyuma, akamwita kijana wake akae kiti cha dereva. Ndipo akaingia shimoni akakaza. Nikauliza kwa nini asikaze likiwa juu akamaliza. Akachukua bushi kuukuu, akaishika bomba la ndani kwa koleo, akainyonga. "Hii raba imeshikana huku na huku. Ukikaza gari ikiwa imening'inia, raba inalala kwenye mkao wa kuning'inia. Ukiishusha, inanyongwa kabla hujaondoka hata hapa uani. Kila siku imenyongwa, mchana na usiku, imeegeshwa imenyongwa. Miezi sita imechanika, halafu mtu anasema bushi feki."

Nikakumbuka yule fundi wangu wa Singeli na jeki yake. Hata kama ningempa bushi za malaika angeziua. (Za plastiki hazina ugonjwa huo, kwa sababu hazikushikana na bomba, zinazunguka. Lakini za raba, zote, za kawaida na ngumu, ndivyo zilivyo.)

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya alaimenti. Usikubali ahadi ya "tutapima wiki ijayo", wiki hiyo moja inatosha kukula tairi na pengine kukula wewe. Nyuma tulifunga tou ndani milimita moja kila upande, kidogo tu, uso wa matairi unatazamana kwa haya, ili gari likiguswa breki mkia utulie. Kemba ikasoma nyuzi 1.2 kushoto na 1.4 kulia, vichwa ndani. Kwa gari la mtaani lililoshuka kidogo hakuna cha kulilia hapo. Yule kijana wa mashine akataka kuisogeza ya kulia ilingane. Mzee akamwambia isogeze kwa nini, hakuna pa kusogezea, na hata pangekuwepo hilo tairi halijui kusoma.

Gharama? Bushi 12, boliti, presi, kazi, alaimenti: laki tano na kitu. Pungufu ya zile amu nne nyekundu.

Niliendesha mwenyewe hadi Bagamoyo Jumapili iliyofuata, mchana, jua kali, na ile kona nikaipita mara tatu, kwenda, kurudi, na kwenda tena. Mara ya tatu nilikanyaga breki makusudi katikati ya kona, nyuma yangu hakuna mtu. Gari liliinama pua, likakaa kwenye mstari wake, likangoja niliambie la kufanya. Zile kelele za "gudu gudu" kwenye matuta ya Boko zimeondoka. Kwenye lami mbovu linatetema kidogo kuliko zamani, ndiyo bei ya raba ngumu, mama yangu peke yake ndiye anayelalamika.

Amu nyekundu bado ninazo, zimechukua nafasi ya zile za zamani chini ya kitanda. Kuna kaka mmoja wa Kinondoni anazitaka sana, ameshanipigia simu mara nne, ana GDA nyeupe. Nimemwambia sawa, lakini alete gari kwanza kwa mzee liingie shimoni, mtaimbo upite kwenye treling amu zake, halafu tuzungumze bei. Hajapiga tena. Mdogo wangu alipanda daladala wiki mbili na nusu. Siku aliyorudi alifungua mlango wa nyuma, akakaa katikati, akafunga mkanda, akasema, "Nenda, dada. Lakini polepole."